Kitambaa cha Maji ya Magadi

Sauti ya baba yangu ilikuwa na kazi mbili Mahajanga na kazi moja Ambanoro, na ile moja ndiyo aliyoijali. Mahajanga ilimwita mtu aliyesimama ng'ambo ya mapipa ya asidi, na jioni ikaniita mimi kutoka nyumba za jirani pale mtaani kwetu Tsaramandroso, nami niliisikia hata nilipojifanya sikuisikia. Ambanoro, kijiji cha wazee wake kule kisiwani Nosy Be, ilisoma mlango mmoja wa Maulidi kila Mfungo Sita. Mlango wenyewe ni ule wa kuzaliwa Mtume, ambao ukifika mwisho wake watu wote husimama. Babu yake aliusoma, baba yake akausoma, kisha yeye. Zamu hiyo haikuandikwa popote. Ilikuwa ya nyumba yetu kwa sababu sauti ilikuwa ya nyumba yetu, na kila mtu kijijini alijua kwamba siku sauti ikikatika, zamu itahama.

Niseme mapema kwamba watu hawa hawakuzungumza Kiswahili. Nyumbani tulisema Kingazija, sokoni Kimalagasi, na mwenye kazi ya kizungu alisema Kifaransa chake alichojaliwa. Kiswahili mimi nilikipata ukubwani, nilipoolewa Unguja. Enzi zile nilikijua kwa maneno ya msikitini na ya bandarini tu. Kwa hiyo maneno yao nimeyavisha nguo nyingine, lakini ni yao.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Bendera ilikuwa mpya, wimbo wa shuleni mpya, na msimamizi wa karakana ya baba alikuwa Mzungu yule yule wa zamani, ambaye aliwaambia wafanyakazi kuwa uhuru haumzuii mtu kuwahi kazini. Baba alimcheka nyumbani, na asubuhi akawahi kazini. Karakana ilikuwa kando ya bandari, mahali ambapo upepo huchukua harufu na kuipeleka baharini, maana hakuna mwenye nyumba aliyeitaka. Walitengeneza kloridi ya chuma, maji mazito ya rangi ya kahawa iliyoungua. Kidogo kiliuzwa kwa wapiga chapa, wachoree mabamba yao ya shaba. Kingi kilikwenda kusafishia maji ya mto.

Baba alitusimulia kazi hiyo kila tukila, mama akitaka asitake. Aliieleza kama mtu anayetoa mapishi. Kwanza unatafuta chuma chakavu: pete za mapipa, misumari iliyopinda, mabaki ya mafundi wa meli. Unakiosha mafuta yatoke, unakitia kwenye pipa kubwa la mbao lililopakwa lami ndani. Kisha unamimina asidi ya chumvi, iliyokuja kwa meli katika madumu ya kioo yaliyovikwa vikapu, na unamimina ukiwa umegeuza uso. Pipa huchemka bila moto. Mvuke wake ukikutana na kiberiti ni mlipuko, kwa hiyo wavuta sigara walifukuzwa nje ya ukuta. Chuma lazima kiizidi asidi, alisema, kama wali unavyouzidi mchuzi nyumbani kwetu, na hapo mama alimtazama kwa jicho ambalo lilimfanya akimbilie sehemu inayofuata.

Yakishatulia, maji yanakuwa ya kijani na uchafu mweusi umelala chini. Yale ya kijani hutolewa kwa uangalifu, yakatiwa pipa jingine, na hapo ndipo inapoingia gesi ya klorini. Ilikaa kwenye mtungi wa chuma, ikateremshwa kwa bomba hadi chini ya pipa, ikapanda kwa mapovu. Rangi hugeuka taratibu, kijani kikawa manjano, manjano ikawa kahawia nzito. Mkuu wa zamu huchukua tone moja na kulidondosha kwenye kisahani chenye dawa ya kupimia. Likigeuka buluu, chuma bado kina njaa. Lisipogeuka, kimeshiba, na aliye kwenye mtungi lazima afunge mara moja, maana gesi isiyoliwa na chuma italiwa na watu. Baba alikuwa mkuu wa zamu. Yeye ndiye aliyepaza sauti, "Kimeshiba," na sauti yake ilifika kwenye mtungi kabla mwangwi haujarudi kutoka ukutani.

Alikuwa na majivuno ya kazi ile, na sitamlaumu. Siku moja alikuja na kichupa, akachota maji ya mto Betsiboka yaliyokuwa mekundu kama kawaida yake, akayatia kwenye glasi. Akaomba chokaa kidogo kwenye kijaluba cha tambuu cha mama, akaikoroga, kisha akadondosha tone la dawa yake. Udongo ulianza kugandamana mle ndani kama maziwa yaliyotiwa ndimu, ukashuka chini pole pole, na juu yakabaki maji meupe. Mama aliinua glasi, akaitazama kwenye mwanga. Baba akasema mji mzima utatawadha kwa jasho lake. Baada ya hapo mama alipunguza kulalamikia madoa ya manjano yaliyojaa kwenye kanzu, mikeka na mito yetu.

Kulikuwa na ubaya wake, na wote waliujua. Mvuke wa asidi hula meno ya mbele, na klorini hushika koo na kifua. Kinga yao ilikuwa rahisi: kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya magadi, kikafungwa puani na mdomoni kikiwa kimelowa chapachapa, na kila baada ya muda mtu asukutue kwa maji hayo hayo. Msimamizi alikuwa mkali katika jambo hilo kuliko jingine lolote. Mama alichana kanga zake kuukuu kuwa vitambaa, akamjazia baba chupa ya maji ya magadi kila alfajiri, na jioni chupa ilirudi tupu.

Ukaja mwezi wa Ramadhani, wa kwanza tangu baba awekwe kwenye pipa la klorini. Kabla ya hapo alikuwa upande wa chuma chakavu. Ulianguka kwenye majira ya mvua, mto ukiwa mwekundu kupindukia na mji ukiidai dawa kuliko wakati wowote. Mapipa hayakupumzika. Siku za mwanzo mama hakugundua kitu, kisha jioni moja alipoichukua chupa aiangike, akaiona nzito. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

"Hukusukutua leo?" akamuuliza.

"Nimefunga."

"Na kitambaa?"

Baba akamwambia kwamba kitambaa kikilowa humdondoshea maji mdomoni, na ladha ya magadi humfika kooni, naye hawezi kukaa siku nzima akijiuliza kama amekula au hajala. Kwa hiyo alikifunga kikavu.

"Kamuulize fundi," mama akamwambia. Sisi mwalimu wa dini tunamwita fundi, na wetu alikaa Mangarivotra, mwendo mfupi tu. "Kuuliza si ujinga."

"Nitamuuliza."

Nilimjua baba yangu. Neno "nitamuuliza" kinywani mwake lilikuwa na uzito ule ule wa "nitalitengeneza paa," na paa letu lilivuja mpaka tulipohama. Mama naye alimjua. Kila alfajiri alimjazia chupa na kila jioni akaimwaga, na wote wawili wakawa hawaizungumzii tena.

Siku ajali ilipotokea, kiungo cha bomba la gesi kililegea. Watu wa zamu waliondoka mbio, kama walivyofundishwa. Baba alikwenda kwenye mtungi kufunga vali, kwa sababu mtu wa mtungi alikuwa ameanguka, na mkuu wa zamu hamwachi mtu chini. Mwenzake aliyemleta nyumbani ndiye aliyetueleza. Baba alifunga vali, akamvuta yule mtu mpaka nje, kisha yeye akaanguka juu yake. Yule mtu wa mtungi, aliyekuwa na kitambaa kilicholowa, alirudi kazini baada ya siku chache.

Walimleta kwa posiposy, kile kigari cha kukokotwa na mtu. Macho yalikuwa mekundu, midomo imekauka, na kila pumzi yake ilitoa sauti kama mtu anayepiga filimbi iliyoziba. Mama akamletea maziwa. Baba akayasukuma kwa nyuma ya mkono, akaonyesha jua. Lilikuwa bado juu ya mapaa. Mama alilia na kumsihi kwamba mgonjwa ana ruhusa, hata mtoto mdogo anajua, na baba akatikisa kichwa tu. Akakaa barazani kusubiri adhana, akikohoa kwenye kile kitambaa kikavu. Nilikaa karibu naye na nililichukia jua, na nilimchukia yeye kidogo pia. Adhana ilipotoka, alishika glasi, akafungua kinywa asome dua ya kufuturu, na haikutoka. Akajaribu tena. Midomo ilikwenda, lakini sauti haikuwamo. Akanywa maji bila dua, machozi yakamshuka, na mama akajifanya anatafuta kitu ndani.

Sauti ilirudi baada ya Idi, lakini haikuwa ile. Ilikuwa kama bati linaloburutwa juu ya saruji. Kila jirani alikuwa na dawa yake: asali na tangawizi, samli ya moto, mafuta ya mlangilangi ya kupaka kifuani. Alizimeza na kuzipaka zote. Daktari wa zahanati alimwambia kwamba ndani kumeungua, asikaribie gesi tena, na mengine amwachie Mungu. Msimamizi alimrudisha kwenye chuma chakavu. Jamaa walituambia subira huvuta heri, na nilipoulizwa kwa nini nimenuna nikasema mimi sijaiona heri yenyewe, nikapigwa kofi na mama, kofi la haki.

Mama alikwenda kwa fundi peke yake, nami nikafuatana naye. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yake.

"Kitambaa chenye maji hakifunguzi," akasema. "Hata kusukutua hakufunguzi, mradi asimeze kwa kusudi. Na alipoumia, kunywa ilikuwa haki yake. Angelipa siku moja baadaye, basi. Mbona hakunijia?"

Mama alijifunga leso yake, akaaga. Tulirudi Tsaramandroso. Baba alikuwa anapanga misumari yake ya kale katika kopo, kazi aliyoianza ili mikono isikae bure. Mama akamweleza neno kwa neno, kwa sauti ya chini, bila lawama, na hilo lilinitisha kuliko kama angefoka.

Baba akaendelea kupanga misumari. "Nilijua atasema hivyo," akasema kwa ile sauti ya bati. "Ndiyo maana sikumuuliza."

Nimeishi na jibu hilo mpaka leo hii nina wajukuu, na bado linanikasirisha. Hakutaka ruhusa. Aliona mfungo wenye ruhusa una kasoro, na mtu anayekwenda kusoma habari za kuzaliwa Mtume mbele ya kijiji hawezi kwenda na mfungo wenye kasoro. Alikitunza kinywa chake kwa ajili ya zamu ile ile ambayo kwa kukitunza aliiharibu. Ningeweza kumsamehe ujinga. Huu haukuwa ujinga, yalikuwa mapenzi, na mapenzi yakishafanya madhara mtu humlaumu nani?

Miezi ikahesabika, kama tunavyoihesabu sisi, kutoka mfungo hadi mfungo. Ulipokaribia wa sita, baba alianza kusoma nyuma ya nyumba, uso ukielekea ukuta, akidhani hatumsikii. Alianza vizuri, kwa chini. Sauti ilipotakiwa kupanda, ilikatika, akakohoa, akaanza upya pale pale. Mama alisimama jikoni na upawa mkononi mpaka chakula kikaungua.

"Si lazima twende mwaka huu," akamwambia.

"Kama sikwenda, watampa mwingine."

"Na ukienda?"

"Nikienda, nitakuwa nimekwenda."

Ambanoro hatukutuma habari. Kule alikuwako mama yake, koko wangu, ndivyo tunavyomwita bibi. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, na tangu giza limshukie alikuwa akiishi kwa masikio. Aliwajua watu kwa nyayo, akajua kuku wa nani kaingia uani. Mwaka mzima aliusubiri mlango ule mmoja. Mama alisema hana kinywa cha kumtumia mzee kama huyo habari ya namna hiyo, na baba hakubisha.

Meli ya pwani ilichelewa kufika bandari ya Hell-Ville. Tulipoingia Ambanoro, sala ya alasiri imeshapita na Maulidi yalikuwa yameanza. Baba alinawa, akabadili kanzu nyumbani kwa jirani, akaenda moja kwa moja kwenye ua wa wanaume. Sisi tuliingia chumba cha wanawake, ambacho kilitenganishwa na ua kwa pazia. Koko alikuwa kwenye mkeka karibu kabisa na pazia, mahali pake. Nikambusu mkono, nikamwambia kwezi, salamu yetu kwa mkubwa. Akanivuta nikae ubavuni mwake.

"Baba yako yuko?"

"Yuko uani, koko."

"Basi kaa kimya," akasema, uso wake umejaa furaha.

Milango ya kwanza ilisomwa na watu wengine. Kisha pakawa na utulivu, watu wakijiweka sawa, na nikajua ni yeye. Alisoma. Nataka niseme hilo kwanza, kwa sababu wako waliosema baadaye kwamba alishindwa. Hakushindwa. Hakuruka hata neno. Alipofika penye kupanda hakupanda, aliliburuta neno mpaka likapita. Alipokatika alinyamaza, akavuta pumzi ambayo tuliisikia sisi sote nyuma ya pazia, akaendelea. Wanaume hawakukohoa wala hawakusogea. Mama alikuwa ameuma ncha ya leso yake, na mimi nilisoma pamoja naye kimoyomoyo kana kwamba ningeweza kumbebea nusu.

Koko aligeuza kichwa, akatega sikio.

"Huyu nani?" akaninong'oneza.

Nilimtazama mama, na mama aliangalia chini.

"Maskini, ana kifua," koko akasema. "Mungu amponye. Lakini mbona wamempa mlango wetu?"

Ulipofika mwisho, watu wote walisimama. Nilimshika koko mkono naye akasimama, akaitikia sala kwa sauti yake nyembamba. Baada ya hapo aliinua viganja akamwombea yule msomaji mgonjwa, dua ndefu, ya afya na pumzi na maisha marefu. Aliomba kwa moyo wote, kama anavyoombewa mtoto wa mtu mwingine. Mama aliitikia amina kila mara, na sijui alipata wapi nguvu.

Baba aliingia wanawake walipokuwa wakisoma fatiha ya marehemu wa kijiji. Alipita kwa kuinama, akapiga magoti mbele ya mama yake, akambusu mkono, akamnong'oneza salamu sikioni. Mnong'ono hauna mwenyewe. Wa mzima na wa mgonjwa ni mmoja. Koko alidhani ananong'ona kwa adabu, kwa ajili ya fatiha. Akampapasa paji la uso, pua, ndevu, akatabasamu.

"Nimekusubiri," akamwambia. "Zamu yako wamempa mgonjwa. Kwa nini uliwaachia?"

Nilitamani mmoja wetu aseme neno, mama, mimi, yeyote. Baba alikaa pale na mkono wa mama yake ukiwa bado shavuni mwake.

"Alikuwa na haja nayo, mama," akanong'ona. "Alinisihi. Nikamwachia."

Koko alilifikiria.

"Umefanya vyema," akasema. "Mwenye haja asinyimwe. Lakini mwakani usome wewe. Mimi nakusubiri wewe."

"Inshallah, mama."

Akaubusu mkono wake tena, akainuka, akapita katikati ya wanawake akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, akatoka akaenda mbali na nyumba, kukohoa.